Data ina kilo ngapi? Swali kutoka bandari ya Mocímboa da Praia

Bandarini hakuna mzigo usiopimwa. Gunia la mchele lina kilo zake, saruji ina tani zake, na nahodha asiyejua jahazi lake limebeba kiasi gani hafiki mbali kusi ikianza kuvuma. Katika pwani ya kaskazini mwa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, desturi hiyo ni ya kale kuliko gati lenyewe. Nta, pembe za ndovu na mpira vilipimwa hapa kwa frasila kabla Wareno hawajaikabidhi Kampuni ya Niassa eneo hili mwaka 1891. Mizani, daftari na mtu wa kuandika ndivyo vilivyoifanya bandari kuwa bandari.

Upo hata hivyo mzigo ambao siku hizi unapita Mocímboa da Praia, au Musimbwa kama wenyeji wanavyouita, bila kukanyaga mizani yoyote. Umo mfukoni mwa baharia, ndani ya memori kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kadi ya namna hiyo haifiki gramu moja. Ndani yake zinaweza kuwamo nyimbo elfu kadhaa zilizoingizwa kwenye kibanda cha simu Mtwara, picha za harusi ya Pemba (mji wa Cabo Delgado, si kisiwa), sauti ya mama aliyeko Nampula, na picha ya kitambulisho iliyopigwa kwa simu endapo chenyewe kitapotea. Hakuna afisa wa forodha anayeuliza kadi hiyo ina kilo ngapi. Lakini swali lina maana yake, na wanafizikia wamelishughulikia kwa dhati: kadi iliyojaa ni nzito kuliko kadi tupu?

Inategemea data imehifadhiwa kwa njia gani. Zamani za kompyuta za kadi za karatasi, kuandika kulikuwa kutoboa. Kila tundu lilitoa kipande cha karatasi, kwa hiyo kadi yenye habari ilikuwa nyepesi kuliko kadi tupu. Katika diski ya sumaku, chembe zilizomo juu ya sahani hugeuzwa tu upande, baadhi zikielekea huku na nyingine kule, na mpangilio wa pande hizo ndio maandishi. Hakuna kinachoongezwa wala kupunguzwa. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya diski ya kuhifadhi takriban megabaiti 5, yaani kama wimbo mmoja wa leo, na mashine hiyo ilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Ingejazwa, ingefutwa, tani ingebaki ileile.

Memori kadi na simu zetu zinatumia njia nyingine, iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa katika kampuni ya Toshiba na kutangazwa mwaka 1984. Ndani ya kadi mna vyumba vidogo mabilioni kwa mabilioni, vyenye kuta zisizopitisha umeme. Kuandika ni kuzisukuma elektroni zipenye ukuta na kunaswa ndani. Chumba chenye elektroni kinasomeka hivi, kisicho nazo kinasomeka vile. Umeme ukikatika, zinabaki humo. Ndiyo maana unaweza kuzima simu wiki nzima, na ukiiwasha picha zipo.

Hapo wengi huruka kusema basi elektroni hizo ndizo uzito wa data. Sivyo. Elektroni zinazonaswa hazitoki nje ya simu. Zilikuwamo tangu mwanzo ndani ya kipande kilekile cha silikoni, zimehamishwa tu kutoka upande mmoja wa ukuta kwenda mwingine. Idadi yake haikuongezeka. Kilichobadilika ni nishati: elektroni iliyonaswa imewekwa mahali ambapo isingekaa kwa hiari yake, na kuiweka pale kunahitaji nguvu. Tangu mwaka 1905, Albert Einstein alipoonyesha kuwa nishati na uzito ni kitu kimoja chenye sura mbili, tunajua kwamba chochote kinachoongezewa nishati huongezeka uzito pia, hata kama ni kwa kiasi kisichoonekana kwa mizani ya aina yoyote.

Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilimpelekea swali hili Profesa John Kubiatowicz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, likiuliza kuhusu kifaa cha kusomea vitabu cha Kindle chenye nafasi ya gigabaiti 4. Akakokotoa: kifaa kikijaa vitabu kitaongezeka uzito kwa takriban sehemu moja ya bilioni ya bilioni ya gramu. Kijidudu kimoja cha bakteria, kile kisichoonekana bila hadubini, ni kizito mara milioni moja kuliko maktaba hiyo yote. Jasho linaloachwa na kidole kwenye kioo cha simu ni zito kuliko data iliyomo kwa zaidi ya mara bilioni. Kwa hiyo data ina uzito, ila hakuna mizani duniani inayoweza kuuonyesha.

Napenda zaidi sehemu ya pili ya hesabu hiyo, ambayo watu huisahau. Betri nayo ikichajiwa huongezewa nishati, na kwa kanuni ileile huwa nzito zaidi. Betri ya simu ya kawaida ikijaa chaji inaongezeka takriban nusu ya sehemu moja ya bilioni ya gramu. Ni kidogo mno, lakini kinaipita data kwa mamia ya mamilioni ya mara. Hata simu ikiongezeka joto kwa nyuzi moja tu kwa kuachwa juani, uzito unaoongezwa na joto hilo unaizidi data kwa mbali. Kwa maneno mengine, katika simu iliyomo mkononi mwako chaji ni nzito kuliko picha. Watu wa Musimbwa waliijua kweli hiyo kwa njia nyingine kabisa, na huko ndiko tunakoelekea.

Kwanza nimalizie wanafizikia. Mwaka 1961 Rolf Landauer wa IBM alionyesha kwamba kufuta biti moja ya habari hakuwezi kufanyika bure. Kuna kiwango cha chini kabisa cha joto ambacho lazima kitoke, na hakuna ufundi utakaokikwepa. Nadharia hiyo ilisubiri nusu karne. Mwaka 2012 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walinasa punje ya kioo kwa mwanga wa leza, wakaitumia kama biti moja, wakaifuta, na kupima joto lililotoka. Landauer alikuwa sahihi. Mwaka 2019 Melvin Vopson wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, akaenda mbali zaidi na kudai kwamba habari yenyewe ina uzito wake, mbali na nishati ya elektroni au sumaku, na kwamba terabaiti moja ingepima kiasi ambacho kukiandika kunahitaji sifuri 21 baada ya nukta kabla ya tarakimu ya kwanza, kwa gramu. Hakuna jaribio lililolithibitisha dai hilo, na wanafizikia wengi hawalikubali. Nami sioni sababu ya kulikubali kabla ya kipimo.

Uwepesi huu una manufaa yanayoonekana kwa macho. Septemba 2009 kampuni moja ya Durban, Afrika Kusini, ikiwa imechoshwa na intaneti ya polepole, ilimfunga njiwa aitwaye Winston memori kadi ya gigabaiti 4 mguuni na kumrusha kutoka Howick hadi Durban, umbali wa kilomita 80 hivi. Njiwa aliwasili baada ya saa moja na dakika nane. Saa mbili na dakika chache tangu arushwe, kadi ilikuwa imeshasomwa yote, na wakati huo laini ya kampuni ya simu ya Telkom ilikuwa imepitisha asilimia 4 tu ya data hiyohiyo. Kilomita 80 ndiyo takriban safari ya kutoka Musimbwa kwenda Palma. Na kwa mzigo mkubwa zaidi, kampuni ya Amazon ilizindua mwaka 2016 lori la kuvuta kontena la futi 45 lililojaa diski, la kuhamisha petabaiti 100 kwa barabara. Kuli yeyote wa bandari angelitambua kontena hilo na asingekosea kukisia tani zake, ingawa data iliyomo isingeongeza hata gramu.

Na huo ndio upande wa pili wa hesabu. Biti haikai hewani. Daima imeshikwa na kitu, na kitu hicho ni kizito, kinachukua nafasi, kinakula umeme na kinaweza kuchomwa moto. Ujumbe wa simu unaotoka Musimbwa hupanda mnara wa chuma unaobebwa na msingi wa zege. Pasipo na umeme wa uhakika, chini ya mnara kuna jenereta na tangi la dizeli, na kando yake betri za risasi zinazohitaji wanaume kadhaa kuzinyanyua. Kutoka hapo unarukishwa mnara hadi mnara kuelekea kusini. Nje ya pwani, chini ya bahari, unapita mkongo wa EASSy wenye urefu wa takriban kilomita 10,000, ulioanza kazi mwaka 2010. Unatia nanga Maputo, Moroni, Dar es Salaam na Mombasa, lakini hautii nanga hapa. Tarehe 12 Mei 2024 mkongo huo na ule wa Seacom ilikatika karibu wakati mmoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Watanzania, Wakenya na Waganda wakajikuta na intaneti ya kudodosa kwa siku kadhaa. Hakuna aliyepoteza data. Njia ndiyo iliyokatika, na ikabidi meli ya mafundi itoke Afrika Kusini na kuuvuta waya kutoka sakafu ya bahari ili kuunganisha nyuzi za kioo nyembamba kama unywele.

Musimbwa njia hizo hazikukatika kwa bahati mbaya. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi vya mji huu, na ndipo vita vya Cabo Delgado vilipoanza. Mwaka 2020 mji ulishambuliwa tena mwezi Machi na mwezi Juni, na ilipofika tarehe 12 Agosti bandari yenyewe ikaanguka mikononi mwa waasi. Waliishikilia kwa karibu mwaka mzima, hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoikomboa tarehe 8 Agosti 2021. Katika muda huo majengo ya serikali, benki na hospitali ya wilaya viliharibiwa. Kituo cha kupozea umeme cha Awasse, kinachozilisha wilaya za kaskazini, kilishambuliwa, na Musimbwa, Palma, Mueda, Nangade na Muidumbe zikabaki gizani. Minara ya simu ilinyamaza. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mawasiliano yalikatwa saa zilezile za mwanzo, na ndugu waliokuwa Pemba, Dar es Salaam na Ureno wakabaki wanapiga namba zisizopatikana.

Kufikia mwaka huo watu zaidi ya 700,000 walikuwa wameyahama makazi yao katika mkoa. Mtu anayekimbilia msituni usiku, mtoto mgongoni, anachagua mizigo kwa uzito. Chungu kinaachwa, godoro linaachwa, cherehani inaachwa. Simu inachukuliwa, kwa sababu ni gramu mia mbili tu na ndani yake yamo maisha mazima: namba za ndugu, picha za marehemu, hela za M-Pesa. Siku mbili baadaye chaji inakwisha. Picha zimo palepale, kila elektroni imenaswa chumbani mwake, lakini hakuna anayeweza kuzitazama. Ile nusu ya sehemu moja ya bilioni ya gramu iliyotoka kwenye betri ndiyo iliyokuwa ufunguo. Anayefika wilaya ya Metuge au mji wa Pemba hutafuta maji, chakula na mahali pa kuchajia, na asiyewahi kukimbia asishangae kuona hilo la tatu limo kwenye orodha.

Hela za M-Pesa zina kisa chao. Huduma hiyo ilianza Msumbiji mwaka 2013, na metikali za mteja hazimo ndani ya simu wala ndani ya laini. Ni mistari ya hesabu katika seva zilizo mbali na vita. Simu ikizama mtoni, hesabu haizami. Kwa nadharia, mkimbizi wa Musimbwa aliyepoteza kila kitu angeingia dukani Pemba, akapewa laini mpya yenye namba yake ileile, na pesa zake zikamfuata. Kwa nadharia. Maana ili kupewa laini ile lazima athibitishe kuwa yeye ni yeye, na uthibitisho ni BI, kitambulisho cha taifa, ambacho kwa wengi kilikuwa ndani ya nyumba iliyoteketea. Ili kupata BI mpya anatakiwa cheti cha kuzaliwa. Cheti nacho kinatokana na kitabu cha usajili cha wilaya, na wilaya yenyewe imechomwa. Data nyepesi iliyokuwa salama mbali na moto iligeuka kuwa haifikiki kwa sababu ya karatasi moja ya gramu 5.

Naandika gramu 5 kwa sababu ndio uzito wa karatasi ya kawaida ya A4. Rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Tuseme wilaya ina watu 100,000, na kila mmoja ana ukurasa wake katika kitabu cha usajili: hiyo ni nusu tani ya karatasi, bila kuhesabu majalada. Hakuna karani atakayeibeba nusu tani usiku risasi zikilia, na tusithubutu kumlaumu yeyote aliyeiacha. Sasa tuhesabu maandishi yaleyale kama data. Jina la mtu, la baba, la mama, mahali, tarehe, namba na maelezo machache hayazidi herufi 2,000. Watu 100,000 ni megabaiti 200. Ukitaka na picha ya kila ukurasa, kwa megabaiti moja moja, ni gigabaiti 100, na inaenea katika kadi ya gigabaiti 128. Nusu tani imekuwa kitu kisichofika gramu moja, ambacho karani angeweza kukishona kwenye upindo wa shati.

Nikilifikiria hilo naona uchungu. Teknolojia hii haikuwa ngeni wakati mji unaanguka. Kadi za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa kwa ajili ya muziki. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuzitumia kwa ajili ya watu kabla ya moto, pamoja na vifaa vizito vya kuufanya uamuzi uwe kazi: skana, umeme usiokatika, na karani aliyelipwa kukaa mezani miezi kadhaa akinakili kitabu baada ya kitabu.

Baada ya moto, kazi ikawa kinyume chake, na ngumu mara kumi. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji na ofisi za serikali, limekuwa likizunguka kambini na vijijini kuwasaidia waliohamishwa wapate vyeti na vitambulisho upya. Asiye na karatasi anahitaji mashahidi. Mashahidi wenyewe wametawanyika: mmoja Nampula, mwingine hajulikani alipo, wa tatu amefariki. Na wapo waliovuka mto Ruvuma kuja upande wetu wa Tanzania. Mmakonde wa Mueda na Mmakonde wa Newala wanaelewana lugha, wengine wana babu mmoja, na Mmwani wa Musimbwa akizungumza Kiswahili sokoni Mtwara hakuna anayegeuza shingo. Kinachowatofautisha mbele ya afisa ni kitambulisho tu. Mwaka 2021 maelfu waliovuka walirudishwa kupitia mpaka wa Negomano, UNHCR ikipinga hadharani, na sisi Watanzania hatuna budi kulikumbuka hilo.

Kuna anayeweza kusema: basi kila kitu kiwekwe kwenye kadi, tumalize. Mimi sikubaliani naye, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wepesi unamfaa mwizi pia. Orodha ya majina ya wilaya nzima, yenye dini, kijiji na jina la baba, katika mkono wa mwenye silaha ni orodha ya kuwindia watu. Nusu tani ya vitabu ni vigumu kuiba, kadi ya nusu gramu ni rahisi. Nakala yoyote lazima ifungwe kwa msimbo, na ufunguo wake ukae mbali na kadi. Sababu ya pili ni ya kifizikia: zile kuta za vyumba vya elektroni zinavuja. Kadi iliyoachwa bila umeme kwa miaka mingi, hasa penye joto na chumvi kama pwani yetu, hupoteza elektroni zake polepole hadi maandishi yasomeke vibaya au yasisomeke kabisa. Karatasi nzuri ndani ya sanduku kavu huishi karne. Data huishi kwa kunakiliwa tena na tena, na kunakili ni kazi ya watu.

Msumbiji ina mfumo wa kielektroniki wa usajili wa kiraia, e-SIRCEV, ambao kwa mpango wake unaiondoa kumbukumbu ya mtu kutoka kwenye kitabu kimoja cha wilaya moja na kuiweka mahali inapoweza kusomwa na ofisi nyingine. Huo ndio mwelekeo unaotakiwa. Lakini mfumo huo unaishi juu ya umeme wa Awasse na juu ya minara ileile, na vita vimetuonyesha ni vitu gani huchomwa kwanza. Ofisi ya wilaya ya mpakani inahitaji uwezo wa kufanya kazi ikiwa imekatika na dunia, ikihifadhi kila kizazi na kila kifo kwenye kifaa chake, kisha kupeleka nakala mtandao unaporudi. Na mtandao usiporudi, nakala iondoke na mtu: kwa gari kwenda Mueda, au kwa mashua kwenda Pemba, mfukoni mwa mtumishi aliyepewa jukumu hilo kwa maandishi na kulipwa nauli.

Watu walianza kurudi Musimbwa, na meli zikaanza tena kutia nanga. Wanaopanga ujenzi mpya wanahesabu tani za saruji, mita za gati na kilomita za lami, na wana haki, kwa kuwa bila hivyo mji hauinuki. Katika bajeti hiyohiyo nataka kuona paneli za jua na betri za ofisi ya usajili, skana mbili ili moja ikiharibika kazi isisimame, kadi tatu zilizofungwa kwa msimbo zikiwekwa Pemba, Nampula na Maputo na kubadilishwa kila mwaka, na makarani wanaozungumza Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, ili bibi akija kumsajili mjukuu aliyezaliwa njiani majina yaandikwe kama anavyoyatamka yeye.